Pita ndani au toka nje

Mama yangu si mtu wa kufoka. Lakini siku ile alinifokea mpaka jirani akachungulia. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nimeegemea mlango wa mbele nyumbani kwake Tanga, nakula embe bichi la chumvi na pilipili, naangalia watoto wanacheza rede, sina hili wala lile. "Pita ndani au toka nje, usisimame mlangoni!" Nikadhani kuna nyoka juu ya mlango. Kumbe shida ni mlango wenyewe. Mjamzito akisimama mlangoni, siku ya siku mtoto naye atasimama mlangoni, hatoki wala harudi. Nikacheka, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kochi, na pale kwenye kochi ndo nikagundua moyo unanienda mbio. Mimi niliyesoma, nina cheti changu cha uhasibu kimetundikwa ukutani hapo hapo sebuleni, nimeshindwa kumaliza embe.

Huo ulikuwa mwaka 2017. Nimetaka kuandika haya siku nyingi kwasababu kila nikisoma mtandaoni mambo ya imani za uzazi nakuta makundi mawili tu, kundi la kuwacheka wazee wetu kwamba ni washamba na kundi la kusifia kila cha jadi utadhani bibi zetu hawakuwa wanafia kwenye uzazi, na mimi sikai kwenye kundi lolote, maana miiko ile ile iliyonikosesha usingizi ndani yake kuna mingine ndo iliyonilaza.

Kwa upande wa mama sheria zilikuwa hivi. Mayai usile, mtoto atazaliwa na kipara. Usivae mkufu, usipite chini ya kamba ya kuanikia nguo, kitovu kitamzonga mtoto shingoni. Usinunue nguo za mtoto kabla hajaja, unamvalisha nani? Msibani usiende, na ukienda usiangalie maiti. Mimba usiitangaze mpaka ijitangaze yenyewe. Mwezi wa tisa ukiingia kula mlenda kwa sana ili mtoto ateleze. Sasa mume wangu ni Mchaga wa Machame (ndiyo, Waislamu Machame wapo, usishangae), na mama yake alikuja Dar kukaa na sisi mwezi mzima akakuta mke wa mwanawe hali mayai. Alishangaa kweli. Kwake yeye mwenye mimba kazi yake ni kula, na akishajifungua ndo ale zaidi, mtori asubuhi mtori jioni. Basi kila siku mama mkwe ananichemshia mayai mawili, afu mama ananipigia simu kuuliza nimekunywa chai na nini, namjibu na viazi. Kwenye maisha yangu nimedanganya kuhusu mayai kuliko nilivyowahi kudanganya kuhusu wanaume.

Na kulikuwa na udongo. Hili hakuna aliyenifundisha wala aliyenikataza, lilikuja lenyewe. Ukishuka Mbagala Rangi Tatu unakuta wamama wamepanga udongo wa pemba kwenye vifungu, na mimi kuanzia mwezi wa nne nilikuwa siwezi kupita bila kununua, ile harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi, yaani mate yananijaa sasa hivi naandika. Kliniki walipopima wakakuta damu yangu iko chini, nane pointi tisa. Nesi akaniuliza, "Unakula udongo?" nikakataa, akacheka, akasema "Fungua mdomo." Ulimi ulikuwa na rangi. Akanieleza kwamba hamu ya udongo na upungufu wa damu vinatembea pamoja, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo na kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe, kwahiyo unakula udongo kwasababu damu haitoshi na damu inazidi kutotosha kwasababu unakula udongo. Akanipa dawa za minyoo na vile vidonge vya kuongeza damu vinavyofanya choo kiwe cheusi. Nilimpenda yule nesi. Hakunifokea hata kidogo, na hilo si dogo, utaona mbele.

Sasa turudi kwenye mlango. Kwanini moyo ulinienda mbio?

Nilikuwa na miaka tisa, 1996, likizo ya mwezi wa sita, tumeenda na mama kijijini kwa bibi upande wa Pangani. Kulikuwa na dada mmoja nyumba yao iko karibu na kisima, sisi watoto tulikuwa tunamwita Dada wa Kisimani, alikuwa anatupa visheti. Akashikwa na uchungu. Siku ya kwanza wanawake wanaingia na kutoka na maji ya moto, wanacheka, wanataniana. Siku ya pili hakuna anayecheka. Sisi tulifukuzwa tukacheze mbali, lakini mtoto ukimfukuza ndo anajua kuna kitu, nikazunguka nyuma nikajibanza chini ya dirisha. Nikasikia sauti za wanawake wazima, sauti za upole kabisa, zinambembeleza: "Taja, mwanangu. Taja upumzike." Sikuelewa ataje nini. Dada wa Kisimani alikuwa anasema hakuna. Hakuna, hakuna. Afu wanasema tena, taja, mtoto hatoki na siri ndani.

Alifariki alfajiri, na mtoto wake.

Baadaye nikiwa mkubwa ndo nikaelewa alikuwa anatakiwa ataje wanaume. Uchungu ukikawia maana yake mwanamke alitoka nje ya ndoa, na mpaka amtaje aliyetoka naye mtoto hafunguliwi njia. Hii imani iko sehemu nyingi sana Afrika, si Pangani tu, Zambia wanayo, Malawi wanayo. Na kule kijijini maneno hayakuisha na mazishi. Watu walisema "alikataa kutaja". Yaani msichana wa miaka ishirini na kitu ambaye pengine nyonga yake ilikuwa nyembamba, au mtoto alikuwa amekaa vibaya, kitu ambacho leo tunakiita uzazi pingamizi na dawa yake ni operesheni ya saa moja, ameingia kaburini na kesi. Wengine wakasema pia alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni.

Kwahiyo miaka ishirini baadaye, kwenye kochi la mama, na mimba yangu, nilichokuwa naogopa si maumivu. Maumivu nilijua yapo, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sawa, tutavumilia. Kufa naogopa kama kila mtu. Lakini kilichonikaba kilikuwa kile chumba. Kwamba mambo yakienda vibaya nitaulizwa mimi nilifanya nini.

Na nilikuwa nimeshaulizwa mara moja. 2015 nilipata mimba ikatoka wiki ya tisa. Nilikuwa nimefuata sheria, sikumwambia mtu, isipokuwa mwenzangu mmoja ofisini kwasababu alinikuta natapika chooni. Kwa vile hakuna aliyejua imekuja, hakuna aliyejua imeondoka. Hakuna aliyekuja kunipa pole, hakuna sufuria la uji, nilirudi kazini baada ya siku tatu nasema nilikuwa na malaria. Na mama nilipomwambia, swali lake la kwanza, kwa upole ule ule: "Ulimwambia nani?" Nikamtaja yule mwenzangu. Unaona? Nilitaja. Na kuanzia hapo nikawa siwezi kula naye, nikahamisha meza, akinisalimia naitikia nusu, akiniletea karanga natupa. Leo najua mimba nyingi zinazotoka mapema hivo, kama nusu au zaidi, ni hitilafu kwenye kromosomu za kijusi chenyewe, tangu siku ile mbegu na yai vinakutana, hakuna jicho la mtu wala ulimi wa mtu unaoweza kuingia huko. Yule dada alihamishwa Mwanza kabla sijapata ujasiri wa kumwambia chochote. Namba yake ninayo. Sijapiga.

Mimba ya 2017 basi nikaingia nayo nikiwa tayari mtuhumiwa mzoefu. Mimba ilipofika mwezi wa sita nikaacha kulala. Saa tisa usiku niko macho, mkono tumboni nahesabu mateke, mtoto akinyamaza dakika kumi namtikisa, akicheza sana nasema huyo anahangaika, kitovu kimemkaba, maana juzi nilivaa mkufu kwenye harusi. Mume wangu anakoroma. Nachukua simu nagugo. Msomaji kama una mimba usigugo saa tisa usiku, nakuomba. Nikakutana na takwimu za ule utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16, vifo 556 vya wanawake kutokana na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Mimi ni mhasibu, nikatoa kikokotoo hapo hapo kitandani: mmoja kwa kila vizazi 180. Nikaanza kuwahesabu wale niliowaona kliniki asubuhi ile, benchi kwa benchi. (Utafiti wa 2022 namba imeshuka mpaka 104, hiyo ni kama mmoja kwa kila 960, na wanaojifungulia kwenye vituo vya afya wamepanda kutoka asilimia 63 kwenda 81. Laiti ningekuwa na namba hiyo usiku ule. Ingawa sidhani kama ingesaidia, mwenye hofu haangalii 959 waliopona, anamtafuta yule mmoja.)

Usiku mwingine nikakutana na kitu kikanikalisha. Kumbe hofu hii ina jina, tokofobia, walilitumia madaktari wawili wa Uingereza mwaka 2000 kuelezea wanawake wanaoogopa kuzaa kiasi cha kukwepa mimba au kuomba wapasuliwe tu. Na Mfaransa mmoja, Louis-Victor Marcé, alishaandika mwaka 1858 kuhusu wanawake wenye mimba ya kwanza ambao wazo la maumivu wasiyoyajua linawatawala mpaka wanaona watakufa. 1858! Na Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 katika kila 100 wanapata tatizo la afya ya akili, zaidi sonona. Nikajisikia kwanza nimefarijika afu nikakasirika. Kwasababu kliniki nilikuwa nahudhuria kila tarehe. Walinipima uzito, presha, mkojo, damu, VVU nikiwa na mume wangu, wakanichoma pepopunda, wakanipa dawa za malaria tunameza mbele yao kwenye kikombe kimoja cha plastiki, wakapima urefu wa tumbo kwa tepu ya fundi cherehani, wakasikiliza mapigo ya mtoto. Kila kitu kina kisanduku chake kwenye kadi. Hakuna siku hata moja mtu aliniuliza unalalaje, unaogopa nini. Na mimi sikusema. Ungesema nini? Sista mimi nasumbuliwa na mlango?

Kwetu hata neno tunalo moja tu, mawazo. "Ana mawazo." Na dawa yake unaijua: "Acha mawazo."

Aliyeniuliza alikuwa bibi. Alikuwa ameletwa Tanga kwa mama kutibiwa macho, na mimi nimeenda kumsalimia, akanishika mkono akasema "Mjukuu wangu mbona umekonda uso na tumbo linakua, huyo mtoto anakula usingizi?" Nikalia. Nikamwambia yote, chumba, dirisha, taja. Alikaa kimya muda mrefu sana nikadhani kasinzia. Afu hakunijibu kuhusu Dada wa Kisimani, alinijibu kuhusu miiko. Akasema, mwanangu, mimi nimeolewa nina miaka kumi na tano kwenye nyumba ya mama mkwe mkali, mimba ya kwanza natwanga mpunga mpaka naona giza. Ukimwambia mkwe nimechoka, anakwambia nani hajachoka. Ukimwambia ni mwiko, anakuacha. Msibani mjamzito haendi, unajua kukaa chini siku tatu na kulia na moshi wa kuni? Mlangoni asisimame, mlangoni ndo watu wanapigana vikumbo, kuna kizingiti cha kujikwaa, kuna upepo. Kamba ya nguo asipite, basi na nguo anike mwingine. Akacheka mwenyewe na jino lake moja. "Sie hatukuwa na daktari wa kutuandikia karatasi ya kupumzika."

Nimeshawahi kusoma mengi kuhusu mila lakini hakuna aliyenifungua macho kama bibi na jino lake. Sisemi kila mwiko ulitungwa na bibi mjanja, mayai kwa mfano sioni yalimsaidia nani zaidi ya waliobaki kuyala. Ila kuna miiko ilikuwa ruhusa ya kupumzika tu, imevishwa kanga.

Jioni ile bibi akaagiza mwalimu wa madrasa aniandikie kombe. Kwa wasiojua, ni aya za Qurani zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, afu zinaoshwa kwa maji na unayanywa. Mwalimu akaandika taratibu, hana haraka, anasoma huku anaandika, chumba chote kinanukia zafarani na udi, mama kakaa kulia bibi kushoto. Akasoma na kipande cha Sura ya Maryam, pale uchungu unapompeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende na yeye anasema laiti ningekufa kabla ya haya. Nilikuwa nimeisikia mara mia sura hiyo na sikuwahi kuisikiliza. Kumbe hata yeye alifika pale. Na hakuambiwa acha mawazo, aliambiwa usihuzunike, kuna kijito chini yako, tikisa mtende, ule tende, unywe. Maji na chakula. Na kitu kingine, yeye ndiye mwanamke aliyeulizwa kuliko wote "umefanya nini", na akaamriwa asijibu, amefunga kusema. Nilinywa kombe nikalala masaa kumi mfululizo. Kama ni zafarani, kama ni aya, kama ni kukaa katikati ya wanawake wawili wanaonipenda bila kuulizwa kitu, wewe chagua, mimi nilichotaka ni usingizi na niliupata.

Ila kuna mahali sifanyi suluhu, na nilimwambia bibi, tukagombana kidogo. Dawa ya uchungu. Ile mizizi anapewa mzazi anywe ili uchungu uende haraka. Baadhi ya hizo dawa zina nguvu kweli, na hapo ndo balaa lilipo, mji wa mimba unabana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, mji unaweza hata kupasuka, na kama ulishawahi kupasuliwa ndo hatari maradufu. Hakuna anayepima kipimo cha mzizi. Na lingine ni kifafa cha mimba. Mjamzito anasema kichwa kinauma haswa, anaona nyota nyota, uso umevimba, afu anaanguka degedege, na watu wanasema shetani limepanda, leta ubani. Jirani yetu Mbagala mwanawe alianguka hivo mimba ya miezi nane, ubani ulishawashwa, aliyemuokoa ni dereva wa bajaji aliyekataa kuzima injini, anapiga honi tu nje mpaka wakambeba. Hospitali wakamchoma magnesiamu salfeti, dawa ya kutuliza degedege hiyo, wakamtoa mtoto. Wote wapo. Hapo sitaki mjadala wa mila.

Haya, leba.

Mama mdogo wangu anaishi Muscat na alikuwa ametuletea ua la Maryam, bibi analiita kafu Maryamu. Kama hujaliona, ni kitu kikavu kama ngumi ya mzee, matawi yamejikunja kwa ndani. Mwanamke akishikwa na uchungu linawekwa kwenye bakuli la maji, na jinsi linavyofunguka ndivyo na yeye anavyofunguka. Nilijifungulia Dar, mama kaja, ua kalileta kwenye kopo la maziwa. Uchungu ulianza saa mbili usiku. Mama akaliweka majini chini ya kitanda changu, sisi tukaenda hospitali. Sasa ule ni mmea wa jangwani uliokwishakufa, ukilowa unafunguka, ukikauka unajikunja, haujui mimi ni nani. Saa nane usiku mama, ambaye alirudi nyumbani kuchukua kanga, anampigia mume wangu kwa furaha: "Limefunguka lote, mtoto anatoka!" Mume wangu akamwuliza nesi. Nesi akasema njia sentimita tatu, kati ya kumi.

Asubuhi sentimita nne. Saa sita mchana tano. Ua limeshafunguka tangu usiku na mimi bado. Unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza mama huko nje kwenye benchi anawaza nini. Uchungu ukija napiga kelele, ukiondoka nazitafuta dhambi zangu. Nikaanza kuwahesabu wanaume kweli, sikuwa na wa kuhesabu zaidi ya mchumba mmoja wa chuo, nikajiuliza na huyo anahesabika?

Na hapo akaja nesi wa zamu mpya, akanikuta nalia, akasema ile sentensi ambayo nadhani wanawake wengi wa nchi hii mnaijua: "Ulipokuwa unaitafuta ulikuwa unalia?" Wenzangu wa vitanda vya pembeni wakanyamaza. Mimi nikarudi chini ya dirisha la Pangani. Ni swali lile lile. Limevaa sare nyeupe lakini ni lile lile, taja ulichofanya. Nikaganda. Na sitanii, uchungu ulipoa kwa karibu saa nzima. Bibi ana paka, ukimfuata anapozaa anasimamisha kazi anahamia uvunguni, hofu ndivyo inavyofanya kwa wanyama wengi wenye kunyonyesha, mwili unasema si hapa, si sasa.

Aliyeniokoa hata si nesi. Ni mama wa usafi. Mama mtu mzima, ana deki mkononi, aliegemeza deki ukutani, akavua glavu, akaja kunishika kiuno kwa nyuma anasugua, anasema "Mimi nimezaa sita, wa pili alinichukua siku nzima na nusu, na sasa ni fundi umeme. Pumua na mimi." Alikaa, anaenda kudeki, anarudi. Miezi kadhaa baadaye nikasoma kwamba Guatemala, mwaka 1980, watafiti waliwapa wazazi mwanamke wa kawaida tu, si mkunga, hawajuani naye, akae nao leba awashike mkono na kuongea nao. Kwa ambao uzazi wao haukuwa na tatizo, waliokuwa peke yao walichukua wastani wa saa 19 na nukta 3 kutoka kulazwa hadi kuzaa. Waliokuwa na mtu, 8 na nukta 8. Nikaisoma hiyo nikatoka nje ya ofisi nikaenda kusimama kwenye ngazi. Kwenye leba niliyojifungulia ndugu haruhusiwi kuingia. Sababu zipo, nafasi ndogo, hakuna mapazia, nazijua. Lakini wanawake wa kijijini kwa bibi walikuwa na hilo moja sahihi, mzazi haachwi peke yake, na walikosea nini cha kumwambia. Hospitali ilijua nini cha kufanya na ikaniacha peke yangu. Nikipewa uwezo ningechukua mikono ya kule na meza ya operesheni ya huku, na swali lao wote wawili nikalitupa kisimani.

Alizaliwa saa kumi na moja jioni, masaa ishirini na moja. Mkunga aliyenizalisha, mpole huyo, alisema mtoto alikuwa ameangalia juu badala ya chini, ndo maana ulichelewa, inatokea sana. Ameangalia juu! Basi. Hiyo ndo siri niliyokuwa nayo ndani. Kilo tatu na nusu, msichana, nywele mpaka masikioni, mayai yote yale. Na kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara moja, mkunga akakivua kwa vidole viwili kama anamvua mkufu, hata hakuacha kuongea. Nikamwuliza nimefanya nini mpaka kikazunguka. Akaniangalia kama sijaelewa swali langu mwenyewe. "Anacheza tu huko ndani dada. Watoto wengi wanazaliwa hivi."

Mama nilimwambia habari ya kitovu. Akasema, "Si nilikwambia ule mkufu."

Nilikaa miaka mitatu kabla sijamuuliza la Pangani. Tulikuwa tunachambua mchicha, binti yangu anacheza mlangoni, kusimama na kutoka, kusimama na kutoka, hakuna anayemkataza maana hana mimba. Nikasema mama, siku ile ya Dada wa Kisimani, na wewe ulikuwemo ndani? Akasema ndiyo. Na wewe ulisema ataje? Mchicha ukasimama. Akasema, "Gari lilikuwa moja tu pale kijijini, la mwenye nazi, lilikuwa limeenda Tanga. Tulikaa naye siku mbili. Tulifanya tulichokijua." Baada ya muda akaongeza, bila kuniangalia, "Wewe ulipochelewa sikukuuliza." Ni kweli. Hakuniuliza. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo, kwamba alikaa kwenye lile benchi masaa yote yale na lile swali mdomoni na akalimeza.

Mdogo wangu yuko Dodoma, ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Wiki iliyopita kanitumia voisi noti saa tisa usiku, nikajua hapo hapo. Tumeongea mpaka adhana. Anakula mayai, kadi yake iko vizuri, presha iko vizuri, haogopi mlango, anaogopa kitu kingine kabisa ambacho ni chake na sitakiandika hapa. Mwisho akasema, dada, lile ua bado unalo? Nikamwambia we si ulikuwa unanicheka. Akasema nitumie tu.

Nikaenda nalo kituo cha mabasi limefungwa kwenye gazeti. Kijana wa vifurushi akalifungua kidogo, akaligeuza, akaligonga kwa kucha. "Dada, hili limeshakufa." Nikamwambia aandike dawa. Akaandika dawa, shilingi elfu tano, litafika saa mbili usiku.